Sultani Aliyelipiga Marufuku Neno Njema

Hapo zamani, katika zama ambazo salamu za watu zilikuwa ndefu kuliko safari zao, palikuwa na mji ukiitwa Shaliani, na katika mji huo palikuwa na Sultani akiitwa Tamimu bin Haruni, ambaye Mwenyezi Mungu alimruzuku kila kitu, kisha akampa na tumbo la kukitilia. Chakula chake cha mchana kilikuwa sahani arubaini, na cha jioni sahani arubaini nyingine, ili zile za mchana zisijione bora. Godoro lake lilijazwa sufi mpaka mtu akilala alizama kama jiwe majini. Kutoka chumba alicholala hadi sebule aliyohukumia hapakuzidi hatua thelathini, na hatua hizo hakuzipiga yeye. Zilipigwa na wachukuzi wanne waliombeba kwa machela. Na tangu alipotawazwa, ikapita miaka kumi na tisa nyayo zake hazijui kama udongo wa Shaliani una joto au una baridi.

Pamoja na hayo yote, ikawa hana raha. Usingizi ulimkimbia, chakula kilimchukiza kabla hajakionja, magoti yalimlalamikia, na pumzi ilimwishia katika ngazi ya tatu. Matabibu walikuja mmoja baada ya mmoja, huyu na kungumanga, yule na asali ya nyuki wadogo, mwingine na kombe, yaani dua iliyoandikwa sahanini kwa zafarani ikafutwa kwa maji ili anywe. Wakakaa naye, wakala naye zile sahani arubaini, na walipoaga walikuwa nao wanaumwa.

Basi katika mji huo huo alikuwapo fakiri mmoja, jina lake Ngwali. Kazi yake ilikuwa kuchukua mzega, yaani mti begani, mtungi wa maji mbele na mtungi nyuma, kutoka kisima cha Bondeni, nje ya lango la mji, hadi birika la msikiti wa Ijumaa ambako watu hutawadha. Alikuwa na kanzu moja, kibanda kimoja, na mke mmoja, Bi Mwanakombo, ambaye ulimi wake ulitosha wake wanne. Watu wa Shaliani walimhesabu Ngwali kuwa mpumbavu, na hoja zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, alikuwa akisema na nafsi yake. Kila asubuhi, kabla hajautia mzega begani, alisimama wima pale kisimani akatamka kwa sauti: "Mwili wangu mzima, moyo wangu mkunjufu, na siku hii nimeletewa mimi." Hoja ya pili ilikuwa kwamba alipoulizwa hali, alijibu "Njema" kama mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, kisha akaongeza, "na bado yaongezeka." Kwa mtu wa kanzu moja, watu waliona hilo ni jambo la kutiliwa shaka.

Njia ya kutoka kisimani ilipita chini ya dirisha la Sultani. Kila siku, Sultani akiwa amelala kifudifudi akiugua kwa yale ya jana, alisikia kule chini: "Ngwali, u hali gani?" na jawabu: "Njema, alhamdulillahi, na bado yaongezeka." Siku ya kwanza alikunja uso. Siku ya kumi aliziba masikio kwa mto. Siku ya arubaini alimwita waziri wake, Zahrani, mtu mwembamba aliyezoea kukubali kabla hajaambiwa, akamwambia:

"Waziri, ni adabu gani hii? Mimi niliye kichwa cha mji naumwa, na vidole vya miguu vyasema ni vizima?"

"Si adabu hata kidogo, Maulana," akasema Zahrani.

"Basi ipigwe mbiu. Tangu leo, mtu yeyote wa Shaliani asijibu kwamba hali yake ni njema, mpaka hali ya Sultani iwe njema kwanza. Atakayevunja amri hii atatoka mji huu yeye na watu wake, na asiukanyage tena."

Mbiu ikapigwa. Lakini Sultani, kwa kuwa hakushuka barabarani kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameisahau ada ya watu wake. Ada ya Shaliani ilikuwa kwamba mtu akiulizwa hali, hujibu "Njema" kwanza, hata kama ametoka kuzika. Yanayomsibu huyataja baadaye, polepole, kama mtu afunguaye mzigo. Na mtu akijibu "Mbaya" moja kwa moja, basi aliyemuuliza hana ruhusa ya kupita. Ni wajibu wake kukaa chini, kuuliza imeanza lini, kutoa pole, kuomba dua, kisha kwenda nyumbani kwake kumpikia mgonjwa uji.

Sasa mji mzima ukawa unajibu "Mbaya."

Mtu akatumwa ndimu mbili nyumba ya tatu, akarudi alasiri bila ndimu, amewapa pole watu saba. Bwana harusi akafika mlangoni kwa mkwewe, akaulizwa hali, akajibu kama amri ilivyotaka, na waalikwa wote wakakaa chini kumwombea shifaa mpaka pilau ikashika chini ya sufuria. Uji uliotoka nyumba ya kulia ukapishana na uji uliotoka nyumba ya kushoto. Siku ya tano hapakuwa na aliyekuwa kazini Shaliani ila wapika uji, na watu ambao hawakuwa na ugonjwa wowote, kwa kusema "mbaya" kutwa kucha na kuulizwa imeanza lini, walianza kuhisi kitu kiunoni.

Ngwali alijitahidi. Alipita njia za nyuma, akawahi kabla watu hawajatoka, akajitia kiziwi. Lakini siku ya sita, adhuhuri imekaribia na birika limekauka, akiwa na mzega begani, akakutana uso kwa uso na Waziri Zahrani langoni.

"Ngwali," akasema waziri, "u hali gani?"

Ngwali akasimama, maji yakicheza mitungini. "Bwana Waziri," akasema, "nikikujibu mbaya, itakupasa ukae hapa chini unipe pole, nami itanipasa nitue mzega niipokee. Wewe una kanzu nyeupe na hapa pana vumbi. Na watu wanangoja kutawadha."

"Nimekuuliza hali."

"Basi njema, alhamdulillahi, na bado yaongezeka. Niwie radhi, nimechelewa."

Akapeleka maji, akayamimina birikani, ndipo askari wakamkamata.

Akaletwa mbele ya Sultani, na kando yake ameketi Kadhi Muhiyidini, mzee mwenye kalamu nzuri na subira kubwa. Sultani akamtazama Ngwali tangu nyayo zilizopasuka hadi kofia iliyochakaa.

"Ewe Ngwali, amri yangu uliisikia?"

"Niliisikia, Maulana."

"Nawe ukasema hali yako njema. Basi moja katika mawili: ama wewe ni mwongo, nami siwataki waongo mjini mwangu, ama unayo kweli hiyo njema, na mimi mwenye mji sinayo. Ikiwa unayo, kwangu haijuzu raia awe na kitu asichokuwa nacho Sultani wake."

"Ninayo, Maulana. Sikuiba. Mlango wako haukuwahi kunipa nafasi."

Baadhi ya waliohudhuria wakakohoa ndani ya mikono yao. Sultani akapandwa na hasira, akasema: "Basi nakupa siku saba. Hiyo njema yako utaikabidhi kwangu. Wala simtumi waziri kuipokea, kwa maana katika nyumba hii kila kipitacho mikononi mwa watu hupungua. Nitaipokea mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, popote itakapokuwapo. Siku ya saba isiponifikia, wewe na mkeo mtatoka Shaliani, na mtu mwingine atachukua mzega wako."

Ngwali akamgeukia kadhi. "Sheikh, umeandika?"

"Nimeandika."

"Hata neno 'popote'?"

"Hata 'popote'."

"Na 'mimi mwenyewe'?"

"Nalo limo," akasema kadhi, akimtazama juu ya kalamu yake.

"Basi nimeridhika," akasema Ngwali, akaaga, akaenda zake.

Nyumbani Bi Mwanakombo alikuwa amekwisha kusikia, kwani habari ya mashaka haina haja ya mzega. Akamwambia: "Mume wangu, watu wote wa mji huu wamejifunza kusema mbaya kwa siku tano, hata kasuku wa mwadhini. Wewe peke yako ulimi umekushinda?"

"Neno lenyewe halikuwa kweli, mke wangu."

"Na ukweli utatujengea kibanda huko twendako?" Kisha akasema kwa sauti nyingine: "Mama yangu amezikwa hapa, Ngwali. Mimi sitaki kuondoka."

"Wala mimi," akasema Ngwali. "Nawe u hali gani?"

"Usinichekeshe," akasema Bi Mwanakombo, naye amekwisha kucheka.

Kulipopambazuka, Sultani aliketi sebuleni akingoja. Jua likapanda, Ngwali hakutokea. Zahrani akatumwa, akamkuta kisimani Bondeni, akamwambia kwa ukali: "Sultani anakungoja!"

"Nami namngoja yeye," akajibu Ngwali. "Njema yangu ya asubuhi iko hapa kisimani. Hati yasema 'popote itakapokuwapo'. Mwambie afanye haraka, huondoka jua likipata ukali."

Sultani aliposikia, alikusudia kukasirika, lakini kadhi akafunua hati, akaisoma polepole, na neno la Sultani likasimama mbele ya Sultani. Basi ikaletwa machela, wachukuzi wanne wakambeba, wakateremka naye hadi Bondeni, wakamtua, jasho likiwatiririka. Ngwali akavuta ndoo ya maji baridi, akawapa wachukuzi kwanza, wakanywa kwa kupokezana, wakajipangusa, nyuso zao zikang'aa. Kisha akampa Sultani. Sultani akaonja, akatema.

"Hakuna kitu katika maji haya."

"Kilikuwapo, Maulana," akasema Ngwali kwa masikitiko. "Watazame hawa wanne. Siwaulizi hali, wasije wakahukumiwa, lakini watazame. Njema ya hapa humwingia yule aliyefika kwa miguu yake. Leo walifika wao, wakaichukua yote mbele ya macho yako. Samahani sana."

Sultani akawatazama wachukuzi wake kwa jicho la mtu aliyeibiwa. Kesho yake aliamka kabla ya kuitwa, akavaa viatu ambavyo soli zake zilikuwa bado mpya, akasema: "Leo haniibii mtu." Akaenda kwa miguu.

Alipumzika mara tisa njiani. Alipofika, aliomba maji kabla hajaombwa kukaa, akanywa ndoo nusu, na safari hii hakutema.

"Naona baridi kifuani," akasema kwa mashaka. "Ndiyo hiyo?"

"Hiyo ni robo, Maulana. Robo nyingine iko chini ya mtungi, nayo haionekani mpaka mtungi umiminwe, wala haifai kumiminwa ovyo ila birikani. Lakini kabla hatujauinua, kuna maneno. Sema: Mwili wangu mzima, moyo wangu mkunjufu, na siku hii nimeletewa mimi."

"Sitasema," akajibu Sultani. "Mwili wangu si mzima. Wanitaka niseme uongo alfajiri yote hii?"

Ngwali akaketi ukingoni mwa kisima. "Maulana, mwadhini wetu hupanda alfajiri akaita: njooni kwenye kufaulu. Wakati huo msikiti ni mtupu, na aliyefaulu hayupo hata mmoja, wote wamejifunika shuka. Je, mwadhini ni mwongo?"

"Hasha. Yeye anaita."

"Nami naita. Afya ni mgeni mwenye haya, Bwana wangu; haingii nyumba ambayo mwenyewe amesimama mlangoni akitangaza hakuna mtu. Nikiita, huenda isije siku hiyo. Lakini nisipoita, nitaidai nini kwa kutofika?"

Sultani akatazama huku na huku kama kuna anayesikiliza, kisha akayasema yale maneno kwa sauti ya chini sana, kama mtu asemaye jina la mchumba wake. Akautia mtungi mmoja begani. Njia nzima maji yalimmwagikia, na watu wa Shaliani wakajificha nyuma ya milango, si kwa hofu, bali wasionekane wakicheka. Alipoumimina mtungi birikani akainama kutazama.

"Naona uso wangu tu."

"Ulikuwa hivyo jana?"

Sultani akautazama tena. Ulikuwa mwekundu, umelowa, na macho yake yalikuwa wazi. "La," akasema. "Jana ulikuwa kama andazi lililolala."

Siku ya tatu Ngwali alisema njema ya adhuhuri haipatikani Bondeni, iko kibandani kwake. Baada ya mizega miwili, Sultani akaingia kibandani akainama ili asigonge kichwa, akaketi juu ya mkeka. Bi Mwanakombo akaweka sahani moja: muhogo wa kuchemsha, chumvi, na mchicha wa nazi.

Sultani akatazama pande zote. "Na zile nyingine thelathini na tisa?"

"Maulana," akasema Bi Mwanakombo, "hizo nimezila jana na juzi. Leo ni zamu ya hii. Nawe kula, hiki si chakula cha kutazamwa."

"Tumbo langu halipokei kitu."

"Tumbo lako halikuwahi kuulizwa," akasema Bi Mwanakombo. "Kila likifungua kinywa lipate kusema, watu wako walitia sambusa. Lipe nafasi likuite lenyewe."

Wakangoja. Na ikawa baada ya kitambo, katika ule ukimya, tumbo la Sultani Tamimu bin Haruni likanguruma, sauti ndefu, yenye heshima zake zote. Ngwali na mkewe wakatazama darini kwa adabu. Sultani akala muhogo wote, akapangusa sahani kwa kidole, akaulizia kama upo mwingine, akaambiwa upo wa kesho.

Siku ya nne alikula, akaegemea ukuta, na kabla hajamaliza kusema kwamba mkeka wa Ngwali ni mgumu, akawa amelala. Akakoroma mpaka kuku wakatoka nje. Waziri Zahrani alipofika kumtafuta, hakuwahi kuisikia sauti ile kwa miaka kumi na tisa, akadhani ni mauti. Akaanza kulia na kuomba asomewe Yasini. Bi Mwanakombo akamwambia, "Bwana Waziri, punguza sauti. Ukimwamsha huyu, utamlaza wewe mwenyewe kwa nyimbo." Sultani hakuamka ila kwa adhana ya alasiri.

Lakini siku ya sita jioni, waziri akamjia Sultani peke yake, akainama. "Maulana, kesho ni siku ya saba. Watu wanasema Shaliani ina wachukua mzega wawili, na mmoja ana taji. Fakiri huyu amekupa nini mkononi mwako? Maji ya kisima, ambayo ni yako. Njia, ambayo ni yako. Muhogo, ulioota ardhini mwako. Kesho atakuja mikono mitupu, na mji mzima utajua Sultani alichezewa."

Neno hilo likamchoma Sultani, kwani hakuna mzigo unaomwelemea mtawala kama kuchekwa. Akaagiza: "Kesho mbele ya watu wote aniwekee mkononi. Asiponiwekea, atoke kabla ya adhuhuri." Habari ikamfikia Bi Mwanakombo, akafunga mkeka, chungu, na kinu, akaviweka mlangoni, akaenda kuliaga kaburi la mama yake.

Asubuhi ya siku ya saba sebule ilijaa. Sultani aliketi, baada ya kuingia kwa miguu na kuwaacha wachukuzi nje wakitazamana. Ngwali akaingia mikono mitupu, na nyuma yake mkewe, macho mekundu. Zahrani akatabasamu.

"Ewe Ngwali," akasema waziri, "kiko wapi ulichoamriwa?"

"Nimekuja nacho. Lakini, Bwana Waziri, tangu lini mtu wa Shaliani akakabidhi kitu kabla ya salamu? Maulana, waniruhusu kwanza nisalimu?"

"Salimu," akasema Sultani.

Ngwali akasogea, akafungua salamu kwa ile ada ya kale, neno kufuata neno, kwa mwendo wa watu wapishanao njiani wakijuana.

"Sabalkheri, Maulana."

"Sabalkheri, Ngwali."

"Umelalaje?"

"Nimelala mpaka alfajiri."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Magoti je?"

"Yamenyamaza."

"Na chakula?"

"Nakingoja hicho cha adhuhuri."

"Na hali, basi?"

"Njema, alhamdulillahi, na bado yaongezeka."

Kalamu ya Kadhi Muhiyidini ikasimama. Sultani akawa kama mtu aliyemwona nyoka katika kikombe chake mwenyewe.

Kadhi akanyanyua karatasi, akasoma kwa sauti tulivu: "'Hiyo njema yako utaikabidhi kwangu.' Nami naandika chini yake: Imepokewa, siku ya saba, kwa ukiri wa mpokeaji mwenyewe, mbele ya mashahidi wasiopungua mia."

"Hila!" akasema Zahrani. "Ni ulimi tu umeteleza. Maulana, sema kuwa ni ulimi tu!"

Sultani akainua mkono kumnyamazisha. Akaweka kiganja tumboni, kisha kifuani, kisha juu ya goti la kushoto lililokuwa baya kuliko la kulia. Akautafuta uongo mwilini mwake kama mtu atafutaye mwiba katika unyayo, akipapasa hapa na pale, asiuone. Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kutoka mahali ambapo hapo kabla zilikaa sahani arubaini, akacheka mpaka akashika nguzo, na watu waliokuwa wamezuia chao tangu siku ya pili wakakiachia pamoja naye.

Alipopata pumzi akasema: "Ngwali, umenipa yako. Sasa wewe umebaki na nini?"

"Maulana, jirani akija kuomba moto jikoni kwangu, humpa kaa moja akaenda kuwasha kwake. Sijaona siku hata moja chungu changu kikaacha kuchemka kwa sababu hiyo."

"Basi omba utakacho. Nyumba? Ng'ombe? Kanzu kumi?"

Ngwali akafikiri. "Kanzu kumi zitanitia katika shaka ya kuchagua kila asubuhi. Naomba kamba mpya ya kisima. Hii ya sasa imelika, kwa maana siku hizi tunaivuta watu wawili."

"Utaipata," akasema Sultani. "Nawe, Bi Mwanakombo?"

"Mimi naomba mtu anirudishie kinu changu ndani," akasema Bi Mwanakombo. "Kilipotoka nilikuwa na hasira, kikawa chepesi. Sasa nimefurahi, sitakiweza."

Sultani akawatuma wale wachukuzi wanne, ambao walikuwa hawana kazi. Na amri ile ya mbiu haikuhitaji kufutwa, kwa kuwa ilisema mpaka hali ya Sultani iwe njema kwanza, na imekwisha kuwa. Watu wakatoka barabarani wakaulizana hali na kujibizana, na ingawa wengine walikuwa na meno yanayouma na paa zinazovuja, walijibu "Njema" kwanza, kisha wakayafungua yao polepole, na wakaona yamekuwa madogo kidogo kwa kungojeshwa.

Sebuleni akabaki Zahrani, ameinama, hajui ageukie wapi. Sultani akamtazama kwa upole.

"Waziri wangu, nimekusahau katika salamu. U hali gani?"

Zahrani, ambaye kwa hofu hakujua kama amri ile ipo au haipo, akashika lile aliloona ni salama. "Mbaya, Maulana," akasema. "Mbaya sana."

Basi Sultani akakaa chini sakafuni, kama ada itakavyo, akamuuliza imeanza lini, akampa pole, akamwombea dua. Kisha akasimama, akamwita Ngwali aliyekuwa amefika mlangoni.

"Ngwali," akasema, "mchukue Waziri. Kesho alfajiri, Bondeni. Na ile mitungi mikubwa mpe yeye."

Hapo ndipo nautua mzega wangu. Maji yamefika birikani. Mwenye kiu na achote, na aliyeshiba asiyakoroge.